Kumtolea ndugu yako uloto: mwongozo kamili kwa mchangiaji na familia yake

Daktari akishasema mgonjwa wenu anahitaji kupandikizwa uloto, macho ya ukoo mzima yanageukia ndugu zake wa baba mmoja na mama mmoja. Simu zinapigwa, vikao vinakaa, michango inaanza kuchangishwa, na kila anayepiga hodi anauliza hali ya mgonjwa. Hali ya mchangiaji, yaani ndugu anayetoa uloto, wanaiuliza wachache sana. Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili yake. Nilimtolea mdogo wangu uloto alipougua saratani ya damu, baadaye nikamtolea tena chembe nyeupe, na tangu hapo nimekuwa nikikaa na familia zinazojiandaa kwa safari hiyo.

Kama huna muda wa kusoma yote, shika hili: kila swali lako, kila hofu yako na kila "hapana" yako ina wakati wake wa kusemwa, na wakati huo unakwisha siku mgonjwa anapoanza kupewa dawa za kumwandaa. Nitaeleza kwa nini.

Uloto unatoka wapi

Uloto (Kenya wengi husema uboho) ni ile nyama laini iliyomo ndani ya mifupa, na humo ndimo damu yote inamotengenezwa: chembe nyekundu zinazobeba hewa, chembe nyeupe za kinga, na chembe sahani za kugandisha damu. Kazi hiyo inafanywa na seli shina, na hizo ndizo mgonjwa anazohitaji kutoka kwako.

Hofu ninayoisikia kuliko zote ni ya kupooza, kwa sababu watu wanaamini uloto unanyonywa kwenye uti wa mgongo. Uti wa mgongo hauguswi. Sindano inaingia kwenye mfupa wa nyonga, kwa nyuma. Peleka mikono yako kiunoni, shusha vidole gumba nyuma kidogo juu ya makalio. Ule mfupa mgumu unaouhisi pande zote mbili ndio wenyewe. Tena, tofauti na figo, uloto unajirudishia: kiasi kilichochukuliwa hurejea ndani ya wiki 4 hadi 6.

Tiba hii si ya majaribio. Mwaka 1956 huko Cooperstown, New York, Dkt. E. Donnall Thomas alihamisha uloto kutoka kwa pacha mmoja kwenda kwa mwenzake waliyefanana kabisa, na mwaka 1990 akapewa Tuzo ya Nobel. Ilipofika 1968, baada ya sayansi kujua namna ya kupima ulinganifu, watoto wawili nchini Marekani walitibiwa kwa uloto wa ndugu zao wasio mapacha. India walianza mwaka 1983 katika hospitali ya Tata Memorial, Mumbai, na ndiyo sababu familia nyingi za Afrika Mashariki bado zinaelekea huko. Tanzania, Muhimbili ilianza mwaka 2021 kwa wagonjwa wa saratani ya uloto waliopandikizwa seli zao wenyewe, kwa hiyo hawakuhitaji mchangiaji. Mwaka 2023 Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ikaanza kuwapandikiza watoto wenye selimundu (sikoseli) kwa kutumia uloto wa ndugu zao.

Hilo la Dodoma lina uzito wa pekee kwetu. Inakadiriwa watoto 11,000 huzaliwa na selimundu kila mwaka Tanzania, na kwa sasa kupandikizwa uloto wa ndugu anayelingana ndiyo njia iliyozoeleka zaidi ya kuuondoa ugonjwa huo kabisa. Utafiti wa kimataifa uliochapishwa mwaka 2017, uliofuatilia wagonjwa 1,000 wa selimundu waliopewa uloto na ndugu wanaolingana nao, ulikuta takriban 93 kati ya kila 100 wako hai baada ya miaka 5. Ukiitazama namba hiyo, ukumbuke pia wale 7.

Hatua ya kwanza: kupima kama mnalingana

Kipimo chenyewe ni chepesi. Unatolewa damu kidogo mkononi, au unasuguliwa ndani ya shavu kwa kijiti cha pamba. Kinachotafutwa ni alama za kinga zinazoitwa HLA, ambazo mwili huzitumia kutambua kilicho chake na kilicho kigeni. Kundi la damu halihusiki hapa. Mwenye O anaweza kumtolea mwenye A, na baada ya muda mgonjwa hubadilika akawa na kundi la damu la aliyemtolea.

Kila mmoja wetu amerithi fungu moja la alama hizo kwa baba na fungu moja kwa mama. Ndiyo maana kila ndugu wa baba na mama mmoja ana nafasi 1 kati ya 4 ya kulingana kikamilifu na mgonjwa. Mgonjwa akiwa na ndugu wawili, uwezekano kwamba angalau mmoja atalingana ni kama asilimia 44. Watatu, asilimia 58. Wanne, asilimia 68. Nimeona nyumba yenye watoto saba asipatikane hata mmoja, na nyumba yenye wawili wakalingana. Ndugu wa mama mmoja baba mbalimbali kwa kawaida hawawezi kulingana zaidi ya nusu. Wazazi hulingana nusu na watoto wao, na siku hizi vituo vingi vinapandikiza hata kwa nusu hiyo, kwa maandalizi tofauti kidogo ya dawa. Kwa hiyo ikiwa hakuna aliyelingana, msikate tamaa kabla daktari hajawaeleza njia hiyo.

Swali linalokuja sana kwenye familia zenye selimundu: mwenye AS anaweza kutoa? Ndiyo. Mtu aliyebeba kinasaba kimoja tu bila kuugua hukubaliwa kumtolea ndugu yake mwenye SS, yaani anayeugua selimundu. Mwenye SS hawezi.

Sasa jambo ambalo halisemwi vikaoni. Kipimo hiki kinaweza kufichua kwamba mtu si mtoto wa yule anayemwita baba. Kwa hiyo kabla hata damu haijatolewa, ombeni kwa daktari au mratibu wa upandikizaji kwamba kila aliyepimwa apewe majibu yake peke yake, mlango umefungwa. Nyumbani kwetu majibu yalipokelewa na mtu mmoja kwa niaba ya wote. Nilipofika kikaoni, baba mkubwa alikuwa amekwisha simama na kusema, "Mungu ameshachagua." Karatasi yenye jina langu sikuwa hata nimeiona. Sikuwa na nia ya kukataa, lakini nilitamani niwe wa kwanza kuulizwa.

Na kama hutaki kupimwa, mwambie daktari mkiwa wawili. Vituo vingi vyenye utaratibu mzuri huiambia familia kwamba hufai kuchangia, bila kutoa sababu, na mambo yanaishia hapo. Hiyo ni haki yako, na inazuia ugomvi ambao ungedumu hata baada ya mgonjwa kupona.

Hatua ya pili: kuamua, na kuamua mapema

Daktari wa mgonjwa anampigania mgonjwa, na ndivyo inavyopaswa. Kwa sababu hiyo viwango vya kimataifa vinataka mchangiaji apimwe na kushauriwa na daktari mwingine, asiye kwenye timu inayomtibu mgonjwa. Ukifika hospitalini, uliza: "Daktari wangu mimi ni nani?" Wakikuonyesha yule yule anayemtibu ndugu yako, omba mwingine. Huo si utovu wa adabu.

Mweleze daktari huyo magonjwa yako yote, dawa unazotumia zikiwamo za mitishamba, upasuaji uliowahi kufanyiwa, na kama kuna mtu kwenu aliyewahi kupata shida kwa dawa ya usingizi. Kisha muulize na wewe. Atatumia njia gani kati ya mbili nitakazoeleza, na kwa nini? Nani atalipa nikipata tatizo wiki mbili baadaye? Nikikataa sasa, mgonjwa ana njia gani nyingine?

Hatari zipo na ni halali kuzijua. Kumbukumbu za daftari la wachangiaji la Marekani, zilizohusu watu waliowatolea wagonjwa wasiowafahamu, zilionyesha kwamba waliotoa uloto kwa sindano ya mfupa, takriban 2.4 kati ya 100 walipata tatizo kubwa, mengi yakiwa ya nusukaputi au ya kuumia sehemu ya sindano. Kwa waliotoa kwa mashine ilikuwa chini ya 1 kati ya 100. Vifo ni adimu mno, lakini vimewahi kutokea, na mtu anayekuambia hakuna hatari yoyote hakuheshimu.

Sasa kuhusu muda. Siku 5 hadi 10 kabla ya kupandikizwa, mgonjwa huanza kupewa dawa kali za kemo, wakati mwingine pamoja na mionzi, ili uloto wake wa zamani uangamizwe na nafasi ipatikane kwa ule mpya. Zikishaanza kufanya kazi, uloto wake haurudi. Bila seli zako hana kinga wala damu, na anaweza kufa kwa maambukizi ya kawaida kabisa au kwa kuvuja damu. Hata siku ile hakuna mwenye haki ya kukuvuta mkono hadi thieta. Lakini uzito wa kukataa wakati huo hakuna binadamu anayepaswa kuubeba. Kwa hiyo mwulize daktari tarehe kamili ya kuanza kwa dawa hizo, iandike, na yote yaliyomo moyoni yaseme kabla haijafika.

Dawa zikishaanza, mwili wako ni amana. Usipande bodaboda. Lala ndani ya chandarua. Usicheze mpira, usikae na watu wenye mafua, usisafiri mbali na hospitali. Ukipata homa, piga simu siku hiyo hiyo. Vituo vingine huchukua seli mapema na kuzigandisha ili kukwepa hofu hiyo. Ulizeni kama kwenu inawezekana.

Kama mchangiaji ni mtoto

Katika selimundu mgonjwa mara nyingi ni mtoto, kwa hiyo na mchangiaji huwa mtoto. Hapa mzazi anakuwa na watoto wawili hospitalini, na mmoja wao hakuwa mgonjwa mpaka alipopelekwa yeye.

Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kilitoa mwongozo mwaka 2010 kuhusu hali hii, na masharti yake ninayaona ni ya haki popote: pasiwe na mtu mzima wa familia anayefaa sawasawa na mtoto; watoto wawe na uhusiano wa upendo kati yao; pawe na matumaini ya kweli kwamba mgonjwa atanufaika; hatari kwa mchangiaji ipunguzwe kadiri iwezekanavyo; na wazazi waridhie, na mtoto mwenyewe akubali kwa kiwango cha umri wake. Tena awepo mtu wa kumsemea mtoto ambaye si mzazi wala daktari wa mgonjwa. Anaweza kuwa muuguzi wa wodi nyingine au afisa ustawi wa jamii. Mzazi, hata awe mwema vipi, moyo wake umegawanyika.

Mtoto aambiwe ukweli kwa lugha yake. Ninavyopenda kueleza mimi: "Utapewa dawa ulale, hutasikia kitu. Daktari atachukua uloto kidogo hapa nyuma. Ukiamka mgongo utauma, nitakuwepo, tutakupa dawa. Mwili wako utatengeneza mwingine." Mtoto mmoja wa kiume nilimwona amenyamaza siku nzima, hali chakula. Muuguzi alipomkalisha pembeni, akauliza kwa sauti ndogo, "Nikimpa dada, mimi nitabaki na ya kutosha?" Alikuwa ameelewa kwamba damu yote inahamishwa, na bado alikuwa amekubali. Watoto wengi hubeba fikra hiyo bila kuisema. Mwulizeni mtoto aeleze mwenyewe anachodhani kitatokea, halafu mrekebishe.

Kama mchangiaji ni mdogo kwa uzito kuliko mgonjwa, daktari ataangalia kwa makini kiasi anachochukua, na huenda mtoto akahitaji kuongezewa damu. Lizungumzeni kabla. Na zawadi zinapomiminika kwa mgonjwa, yule mwingine asiachwe akitazama. Mwambieni pia mapema kwamba ugonjwa ukirudi, haitakuwa kwa sababu uloto wake ni mbaya.

Hatua ya tatu: vipimo vya mwili na maandalizi

Ukikubali, utapimwa kichwa hadi miguu: picha kamili ya damu, ini na figo, moyo, eksirei ya kifua, Virusi vya Ukimwi, homa ya ini B na C, kaswende, na kwa wanawake ujauzito. Mjamzito hachangii. Anayenyonyesha aseme mapema. Kwetu huku lazima pia malaria iangaliwe, maana vimelea vinaweza kuhamia kwa mgonjwa pamoja na seli, naye hana kinga hata kidogo. Majibu ya vipimo hivi ni yako. Dai upewe wewe, uamue mwenyewe nani ajue.

Wiki kadhaa kabla, jenga akiba ya madini chuma: maini, dagaa, maharage, mchicha, na ndimu au chungwa pembeni. Chai inazuia madini chuma yasiingie mwilini, kwa hiyo iache ikae mbali na mlo na mbali na vidonge. Vidonge vya madini chuma vitafanya choo kiwe cheusi, usishtuke. Aspirini na dawa zinazofanana nayo acha kwa ushauri wa daktari.

Mnaokwenda nje, beba vyeti vya kuzaliwa vya wote wawili, maana mtaombwa kuthibitisha undugu. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano huulizwa. Wewe chanja mapema, lakini mgonjwa mwenye kinga dhaifu hapaswi kuchanjwa kwa sababu chanjo hiyo ina virusi hai. Daktari wake amwandikie barua ya msamaha. Na kwenye bajeti ya michango, mchangiaji awe na mstari wake: vipimo, chakula, nauli, na mshahara anaoukosa. Usiposemwa mwanzoni, hausemwi tena.

Hatua ya nne: siku yenyewe, kwa njia ya thieta

Njia hii ndiyo hupendelewa kwa selimundu na kwa magonjwa mengine yasiyo ya saratani, kwa sababu inapunguza uwezekano wa seli mpya kuushambulia mwili wa mgonjwa.

Usiku wa kuamkia siku hiyo huli kitu. Asubuhi unawekewa kanula mkononi, unasainishwa fomu ya ridhaa kama hukuwa umesaini, unavalishwa gauni. Wengi hupewa nusukaputi; wengine hupigwa sindano ya mgongoni ya kutia ganzi kiuno na miguu, na hapo ndipo mtu anaposema "walinichoma uti wa mgongo". Ile ni ganzi tu, uloto hautoki hapo.

Ukishalala wanakugeuza kifudifudi. Mara nyingi madaktari wawili husimama, mmoja kila upande. Kwenye ngozi panabaki matundu machache, lakini ndani ya mfupa sindano inahamishwa mara nyingi, kwa kuwa kila mvuto unatoa mililita chache tu; wakivuta nyingi kwa mpigo mmoja wanapata damu ya kawaida badala ya uloto. Kazi nzima huchukua saa 1 hadi 2. Kiwango cha juu kinachokubalika ni mililita 20 kwa kila kilo ya uzito wa mchangiaji, maana yake mwenye kilo 60 asizidi lita 1.2. Mfuko wangu nilionyeshwa kwenye picha baadaye: rangi ya damu nzito, na juu yake vitone vya mafuta viking'aa. Unachujwa, vipande vidogo vya mfupa vinatolewa, kisha unapelekwa wodini kwa mgonjwa na kuingia kwa dripu, kama anayeongezewa damu.

Unaamka na koo limekauka na plasta nene kiunoni. Kichefuchefu ni cha kawaida. Mara ya kwanza kusimama, mshike muuguzi, maana presha hushuka na watu huanguka pale pale. Maumivu yenyewe ni ya kiuno, mazito, yanayokubana zaidi unapoinuka kitandani au kupanda ngazi. Kwangu siku ya pili ilikuwa ngumu kuliko ya kwanza, dawa za thieta zilipokwisha mwilini. Omba dawa ya maumivu kabla hayajakolea. Kesho yake wengi huruhusiwa.

Au kwa njia ya mashine

Hapa hakuna thieta. Unachomwa sindano ya filgrastimu chini ya ngozi kila siku kwa siku 4 au 5 mfululizo. Dawa hiyo inaufanya uloto utoe seli shina nyingi hadi zimwagike kwenye damu. Kuanzia siku ya pili au ya tatu mifupa inauma, hasa kiuno, mgongo na kifua, kichwa nacho kinagonga, usingizi unapungua. Paracetamol husaidia. Bandama huvimba kidogo kwa muda, kwa hiyo usibebe mizigo mizito wala kucheza michezo ya kugongana. Ukipata maumivu makali ubavu wa kushoto juu ya tumbo au kwenye bega la kushoto, nenda hospitali hapo hapo. Mwenye AS aseme wazi kabla ya sindano ya kwanza ili afuatiliwe kwa karibu. Kwa mwenye selimundu kamili dawa hii ni ya hatari na hapewi.

Siku ya kukusanya unakaa kwenye kiti au kitanda saa 4 hadi 6, sindano mkono huu na mkono ule. Damu inatoka upande mmoja, mashine inazichambua seli, iliyobaki inarudi upande wa pili. Kwa kuwa mkono wenye sindano kubwa haukunjwi, pua ikiwasha ni mwenzako wa kukukuna, kwa hiyo nenda na mtu, na uende chooni kabla hawajakufunga. Mashine hutumia dawa ya kuzuia damu isigande, nayo hupunguza kalisiamu mwilini: midomo inaanza kuwasha na kufa ganzi, halafu ncha za vidole. Ukihisi hivyo sema mara moja, utapewa kalisiamu na hali inatulia ndani ya dakika chache. Usivumilie ukidhani ndiyo ushujaa. Ikiwa mishipa ya mikono ni midogo, huenda ukawekewa mpira shingoni au kinenani. Uliza mapema kama wewe ni mmoja wao. Wakati mwingine unaitwa tena kesho yake kuongeza.

Ramadhani ikiangukia siku hizi, zungumza na daktari na sheikh wako kabla. Mwili unahitaji maji mengi.

Kupona

Kwa mashine, maumivu ya mifupa huisha ndani ya siku chache baada ya sindano ya mwisho. Kwa thieta, kazi ya mezani unaweza kuirudia ndani ya wiki moja. Kulima, kubeba ndoo ya maji, kupakia mizigo, hayo yasubiri wiki 3 au 4. Uchovu ndio hukaa muda mrefu, na nyumbani hawauoni kwa macho. Endelea na madini chuma kama ulivyoandikiwa. Plasta iache ikae kavu siku 1 hadi 2. Rudi hospitali ukiona homa, usaha, damu isiyokoma, au mguu unaokufa ganzi.

Chembe za mgonjwa kwa kawaida huanza kuota kati ya wiki 2 na 4. Siku hizo kila mtu anahesabu chembe nyeupe, na wewe unazihesabu kwa namna yako, kwa sababu ni zako. Nilikuwa naamka usiku kuangalia simu. Seli zinaweza kukataa kuota, zinaweza kumshambulia mgonjwa ngozi, ini na utumbo, au saratani ikarudi. Wachangiaji wengi hujilaumu, na wengine hawapigi simu nyumbani kwa aibu. Hakuna ulichokula, ulichofikiri wala ulichokosea kinachoamua hayo. Mtafute mtu wa kuzungumza naye nje ya familia: muuguzi wa kituo, mshauri nasaha, padri, sheikh, rafiki. Familia nayo imwulize mchangiaji kwa jina lake, "Wewe unaendeleaje?", bila kuanza na mgonjwa.

Mlioko Ulaya na Marekani

Aliyekosa ndugu anayelingana hutafutiwa mtu baki kwenye madaftari ya wachangiaji. Uingereza daftari la Anthony Nolan lilianzishwa mwaka 1974, Marekani kuna NMDP, DKMS ina vituo Ujerumani, Uingereza, Marekani na Afrika Kusini. Duniani kote watu zaidi ya milioni 40 wameandikishwa, lakini wenye asili ya Afrika ni wachache, na alama zetu za HLA ni za aina nyingi mno. Kwa takwimu za NMDP, Mmarekani mweusi ana nafasi ya asilimia 29 kumpata anayelingana naye kikamilifu, mzungu asilimia 79. Mtoto wa Mtanzania au Mkongomani anayeugua leo anamtegemea kijana wa kwao aliyeko Leicester au Minneapolis aliyekubali kusugua shavu kwa kijiti.

Kujiandikisha ni bure sehemu nyingi, kijiti kinakuja kwa posta, na vijana ndio wanaotafutwa zaidi. Unaweza kukaa miaka bila kuitwa. Ukiitwa, hatua ni hizi hizi nilizoeleza, gharama hazikuhusu, na mgonjwa hutajulishwa jina lake. Nchi nyingi huruhusu kufahamiana baada ya mwaka mmoja au miwili, wote wawili mkitaka. Jiandikishe tu ikiwa uko tayari kweli kuitwa. Anayejiondoa baada ya kupatikana anamrudisha mgonjwa mwanzo wa mstari.

Wakikuita tena

Jiandae kwa uwezekano huu, kwa sababu hausemwi. Saratani ikionyesha dalili za kurudi, au uloto ukilegea, daktari anaweza kukuomba seli tena, au chembe nyeupe aina ya limfosaiti ambazo zinaisaka saratani iliyobaki. Hizi hukusanywa kwa mashine, bila zile sindano za siku nyingi. Mimi niliitwa hivyo, nikaenda, na mdogo wangu yuko hai. Lakini kuitwa mara ya pili ni ombi jipya lenye fomu mpya ya ridhaa. Una haki ya kuuliza maswali yote upya, kupimwa upya, na kukataa.

Hudhuria kliniki yako mwenyewe pia. Omba picha kamili ya damu baada ya mwezi 1, kisha kila mwaka kwa miaka kadhaa, hasa kama ulipewa filgrastimu. Tunza faili lako peke yake, lisichanganywe na la mgonjwa: tarehe ya kuchangia, njia iliyotumika, kiasi kilichotolewa, dawa na vipimo vyake, jina la daktari na namba ya kituo. Siku ukienda hospitali nyingine kwa jambo lolote, hata meno, mwonyeshe daktari.